Mpini wa mbao kwa panga lililopasuka plastiki: mti upi unadumu Dodoma?

Shamba_Bahi

Wakuu, habari za majukumu. Nina mapanga matatu na visu viwili vya jikoni, chuma bado kizima kabisa, ila mipini ya plastiki imekatikakatika kwa jua na imebaki kushikiliwa na ribiti moja moja (vile vijiti vya chuma vinavyogongwa vichwa pande zote mbili). Sitaki kutupa chuma kizuri. Nataka kuvalisha mbao pande zote mbili, nipige ribiti upya, na kazi isirudi mezani msimu ujao.

Tatizo kila fundi ana jibu lake. Mmoja anasema mpingo tu, mwingine mninga, mwingine anasema mkaratusi unatosha kwa kuwa hata mipini ya majembe tunatumia mkaratusi. Nyumbani nina mwarobaini mkubwa na mjohoro. Mti upi unafaa, unene uwe kiasi gani, na ribiti zipigwe vipi mbao isipasuke? Vifaa nilivyonavyo ni drili ya umeme, msumeno, tupa, msasa na jiriwa.

Seremala_Nkuhungu

Karibu mkuu. Kabla ya kuuliza mti gani, uliza umekauka kiasi gani. Mipini mingi ya hapa kwetu inaharibika kwa sababu mbao ilifungwa kwenye chuma ikiwa bado na maji ndani, hata kama mti wenyewe ni imara.

Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni upepo mkavu miezi yote. Mbao hufuata hewa iliyopo. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya Pwani, hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ikihamia kwenye hewa ya asilimia 40, hushuka hadi karibu asilimia 8. Katika kushuka huko, kibao chenye upana wa milimita 40 cha mti unaonywea sana hupungua karibu milimita 1 kwa upana. Kwa urefu hakipungui kiasi cha kuonekana. Chuma hakipungui hata kidogo, gundi imeshika upande wa chini, na ribiti imejaa kwenye tundu. Mbao haina pa kwenda, ndipo inapasuka. Angalia mpini wowote wa zamani: ufa unaanzia kwenye tundu la ribiti na kufuata nyuzi.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya mti ni kutulia, ya pili ni kuhimili kishindo, na ugumu wa kuzuia alama ya kucha unafuata baadaye sana.

Mninga kwa kutulia hauna mpinzani katika miti yetu. Unanywea kidogo sana, chini ya nusu ya kiasi nilichotaja hapo juu, unachongeka vizuri, na kiini chake, yaani mbao ya ndani iliyokoza rangi, wadudu hawakipendi. Udhaifu wake ni kwamba si mgumu sana, kwa hiyo kona nyembamba zinabonyea panga likianguka. Kwa visu vya jikoni mninga unatosha kabisa.

Kwa panga la kukatia miti ningechukua mkongo. Ni mzito zaidi ya mninga, una nguvu, na wenyewe pia umetulia. Kiini cha mkwaju mzee nacho ni kizuri sana, kigumu na kinavumilia kupigwa, lakini kuna mtego: mkwaju una sehemu nyeupe ya nje pana mno, na kiini cheusi kinapatikana katikati ya magogo makubwa tu. Watu wanauziwa ile nyeupe kwa jina la mkwaju, halafu baada ya miezi michache unga unamwagika kutoka kwenye matundu madogo. Bungua wameingia. Usikubali weupe hata upana wa kidole.

Mtiki hauna shida, umetulia na una mafuta yake ya asili, ila gundi huikataa usipousafisha kwanza. Mkole ni mti mtamu kwa mpini wa shoka au fimbo kwa sababu unapinda bila kukatika, lakini shina lake ni jembamba, hupati kibao kipana kisicho na moyo wa mti katikati, yaani kile kijisehemu laini cha katikati kabisa ya shina, si kiini chote. Na kibao chochote chenye moyo wa mti kitapasuka, uwe mti gani.

Mkaratusi kwa mpini wa jembe ni habari nyingine. Kule ni kijiti kizima kinachoingia kwenye tundu la jembe, kikinywea unagonga kabari au unalowesha. Kwenye panga una vibao viwili vyembamba vilivyotobolewa, na mkaratusi unanywea na kujikunja. Achana nao. Mjohoro una kiini kizuri cheusi chenye michirizi, kigumu, ila nyuzi zake zinapishana na vumbi lake linawasha macho na pua. Mwarobaini unafaa kwa kiasi, hasa kwa kisu, mradi ukauke kweli.

Usiangushe mti kwa ajili ya vipande vidogo namna hii. Nenda kwa wanaotengeneza milango na vitanda, omba mabaki ya mninga au mkongo. Vipande ambavyo vimekaa karakanani kiangazi kizima tayari vimeizoea hewa ya Dodoma, na hiyo ndiyo thamani yake kubwa.

Chuma_na_Tupa

Naunga mkono habari ya ukavu. Namna ya kuhakikisha: kata vibao vyako vikiwa vinene kidogo kuliko unavyohitaji, vipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, andika uzito kwa penseli juu ya kibao chenyewe. Viweke kivulini penye hewa, vikae juu ya vijiti ili upepo upite chini pia. Pima kila wiki. Uzito ukibaki uleule wiki tatu mfululizo, vimetulia. Kibao kibichi usikianike juani, kitapasuka vichwani ndani ya siku mbili. Paka vichwa vyote viwili rangi nzito au nta ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni.

Vipimo. Kwa panga la kawaida kata vibao viwili vyenye urefu wa milimita 150, upana 45 na unene 15. Baada ya kuchonga, mpini mzima ukiwa na chuma katikati uwe milimita 28 hadi 32 kwa unene. Mwembamba zaidi ya hapo mkono unabana sana na kuchoka. Mnene zaidi panga linazunguka kiganjani. Kwa kisu cha jikoni unene wa jumla wa milimita 18 hadi 22 unatosha.

Nyuzi ziende sambamba na urefu wa mpini, zisikate kona. Tazama kibao kwa ubavu: mistari ikianzia juu na kutokea chini kabla ya kufika mwisho, kile kipembe cha nyuma kinachozuia mkono usichomoke kitabanduka siku ya kwanza panga likianguka. Njia ya uhakika ni kupasua kipande kwa shoka dogo badala ya kukikata kwa msumeno. Mpasuko wenyewe unafuata nyuzi, kisha unapiga randa kutoka hapo.

Kuondoa mpini wa zamani: saga kichwa cha ribiti kwa tupa au grenda mpaka kiishe, kisha sukuma kwa msumari butu ukiwa umelaza panga juu ya ubao wenye tundu. Usipige nyundo chuma kikiwa hewani, mkia wa panga, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, utapinda, na mkia uliopinda hata milimita 1 hauwezi kukaa vizuri na mbao. Ukitumia grenda, chuma kisipate moto hadi kibadilike rangi. Ukiona bluu inakaribia makali, ugumu umekwisha hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kwangua kutu yote kwenye mkia, kisha sugua na msasa namba 80 mpaka uone mikwaruzo, kwa sababu gundi haishiki chuma laini kinachong'aa. Upande wa ndani wa kila kibao usawazishe kwenye kipande cha kioo kilichobandikwa msasa namba 120. Weka kibao juu ya mkia, inua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya popote, endelea kusugua. Hapo ndipo panapoamua maisha ya mpini: penye upenyo jasho linaingia, chuma kinashika kutu, kutu inavimba na kusukuma mbao kwa nje.

Funga kibao cha kwanza kwenye mkia kwa klampu, toboa ukipitia kwenye matundu ya chuma. Kitoe, funga cha pili upande wa pili, toboa vilevile. Chini ya kazi weka ubao wa kutupa ili drili isibandue mbao inapotokea. Kisha panua tundu la mbao liwe kubwa kuliko ribiti kwa robo ya milimita hivi. Watu wanapenda ribiti iingie kwa kubana, na ndiyo inayopasua mbao kiangazi.

Ribiti: kama matundu ya panga yako ni milimita 5, fimbo ya shaba nyeupe ya kipimo hicho ndiyo bora kwa kuwa haishiki kutu. Ukikosa, msumari wa inchi 4 una unene wa kati ya milimita 4 na 5, kata kichwa na ncha, utafanya kazi. Uchome kwanza mpaka uwe mwekundu na uuache upoe wenyewe kwenye majivu, ili ulainike usipasuke unapopigwa.

Gundi iwe ile ya mirija miwili inayokauka polepole, ya saa 24. Ya dakika 5 haikupi muda wa kupanga vibao na kwa kawaida si imara kama ile ya polepole. Paka nyembamba pande zote, ingiza ribiti, bana kwa klampu kiasi cha gundi kuchungulia pembeni, basi. Ukibana kwa nguvu zote unaikamua yote nje na kuacha kavu ndani. Acha siku nzima.

Kesho yake ndiyo unapiga ribiti. Acha milimita 2 zichomoze kila upande, ivishe washa ndogo (kipete bapa cha chuma), piga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi mengi ukizunguka ukingo. Pigo moja zito linaivimbisha ribiti katikati, ndani ya mbao, na utasikia mlio mdogo wa "tak". Huo ni ufa tayari hata kama hauonekani. Chini ya kichwa cha upande wa pili lazima kuwe na chuma kizito, si meza ya mbao.

Mtu_wa_Mpwapwa

Mmeeleza vizuri, ila mmeuruka mpingo na muuliza swali ameutaja. Mpingo ni mti wetu wa taifa na sifa zake zote ni za kweli: mita moja ya ujazo inazidi kilo 1,200, unazama majini, wadudu hawaugusi, na kwa uimara huo ndio unaotengenezewa klarineti na obo huko nje. Kwa kisu cha mezani au kisu cha zawadi sioni mti unaoushinda.

Kwenye panga la kazi siukubali. Ugumu wake unakuja na wepesi wa kumeguka, likianguka juu ya jiwe kona inaruka. Mkono ukitoka jasho unateleza kama umeshika chupa. Na unakauka polepole kupita miti mingine, kwa hiyo kipande unachouziwa barabarani kama kikavu mara nyingi ni kikavu kwa nje tu. Ndani kina maji, na nyufa ndogo za vichwani zinafichwa kwa nta nyeusi au rangi ya viatu. Kwangua vichwa kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona mstari mwembamba unaotokea katikati kama mguu wa kuku, rudisha.

Ukiamua kuutumia hivyo hivyo, toboa polepole ukitoa drili kila milimita 5, safisha vumbi, uache upoe. Vumbi lake lina utomvu, linaganda kwenye drili, joto linapanda, na mbao inapasuka ungali unatoboa. Kabla ya gundi futa uso kwa thina na paka gundi ndani ya dakika chache, mafuta yake hayajarudi juu. Hili linahusu mtiki pia. Vaa barakoa. Vumbi la mpingo linaleta vipele kwa baadhi ya watu, na la mninga linasumbua kifua.

La sheria nalo lisisahaulike. Kuvuna mti msituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na vibali vinashughulikiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mpingo pamoja na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia uko pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo ukitaka kumtumia mtu nje ya nchi kisu chenye mpini wa mpingo, ulizia karatasi zake kwanza. Kununua mabaki kwa fundi mwenye risiti ndiyo njia safi.

Shamba_Bahi

Shukrani sana wakuu. Mninga kwa visu, mkongo kwa mapanga, nimeelewa. Sasa kupaka: hapa mafuta ya alizeti ni ya kumwaga, je, nikiyatumia kulainishia mpini kuna ubaya? Au nipige vanishi moja kwa moja? Na kimoja kati ya visu mkia wake si bapa, ni kama msumari mrefu, kilitengenezwa na mhunzi. Hicho nacho nitakitengenezaje? Mdogo wangu ana bucha, anataka nikimaliza nimtengenezee vyake pia.

Chuma_na_Tupa

Alizeti hapana. Yanakauka nusu tu, yanabaki na kunata, na vumbi letu la Agosti litageuza mpini kuwa msasa mweusi. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanauzwa kwenye maduka ya rangi. Mafuta haya yanaganda yenyewe ndani ya mbao. Kwanza msasa 120, halafu 180, halafu ishia 240. Usilainishe zaidi ya hapo kwa panga, mkono unahitaji kushika kitu. Lowesha mpini kidogo kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke, vinyweleo vitasimama, vipunguze kwa ule msasa 240 uliokwisha makali. Ndipo upake mafuta, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu mpaka pakavu. Rudia baada ya siku moja, mara tatu au nne. Usipofuta, yanaacha ngozi ya kunata ambayo haikauki wiki nzima.

Jambo la hatari ambalo wengi hawalijui: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze kwenye waya nje mpaka kikakamae, au kiloweke majini kabla ya kutupa.

Vanishi inaonekana nzuri dukani. Kwenye panga inajitenga na mbao pale mkono unaposugua, inabanduka vipande, na kingo za vipande hivyo ndizo zinazoleta malengelenge. Ukitaka mng'ao na kinga ya ziada, nta ya nyuki ya kutoka Manyoni au Kondoa: sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya kitani kwa uzito, yeyusha kwenye bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja. Paka, sugua na kitambaa cha pamba.

Mtu_wa_Mpwapwa

Kisu cha mhunzi: chukua kipande kimoja cha mbao, si vibao viwili. Toboa tundu jembamba kuliko mkia, kina kifupi kuliko mkia kwa kama milimita 15. Zungushia makali kitambaa kilicholowa kabisa, pasha mkia tu mpaka uwe mwekundu wa kiza, uchomeke na kuuchomoa haraka mara mbili tatu hadi ufike. Ukiuacha ndani unaunguza mbao kupita kiasi, na ile tabaka ya mkaa haishiki kitu, mwezi mmoja kisu kinacheza. Kwangua mkaa, jaza gundi ile ya saa 24, rudisha mkia ukiwa umepoa. Mdomoni mwa mpini vika pete ya bomba la shaba au chuma yenye upana wa milimita 12 hivi, igongwe kabla ya kutoboa, kwa kuwa hapo ndipo mbao inapofunguka.

Seremala_Nkuhungu

Kuhusu vya bucha, mwambie mdogo wako abaki na plastiki. Mbao inanyonya damu na mafuta, ribiti zina vijiupenyo visivyofikika kwa brashi, na visu vya bucha vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila siku. Mpini wa mbao utavimba na kunywea kila siku hiyohiyo, hakuna mti unaovumilia hivyo, na afisa afya akikuta mpini wenye nyufa ana haki ya kukizuia kisu kisitumike. Gogo la kukatia ni suala lingine.

Vya nyumbani navyo visilale kwenye beseni la maji. Osha, futa, simamisha pakauke. Na mapanga yasiachwe shambani juani mchana kutwa, chuma kinapata moto na gundi nyingi za dukani huanza kulegea joto likifika nyuzi 60 hivi.

Ukienda kutafuta mabaki, nenda na panga lenyewe. Laza mkia juu ya kipande, chora kwa penseli, hakikisha fundo la tawi halianguki kwenye tundu lolote la ribiti, na kutoka tundu hadi ukingo wa mbao kuna angalau milimita 8. Kama matundu ya kiwandani yako pembeni mno kuliko hapo, toboa mapya katikati ya mkia kwa drili ya kukatia chuma, mwendo wa polepole, ukidondoshea mafuta. Ya zamani yaache wazi, gundi itayajaza na kuunganisha vibao viwili kutoka ndani.